Muulize Mjomba: Samaki Anayepanda Mto Kwenda Kutaga, Tumfanyeje?

Assalam aleikum wana Tanga, na nyie wa Pangani, Muheza na Korogwe pia. Mwezi huu barua nyingi ni za mto, nadhani kwa sababu ya ile klipu inayozunguka kwenye magrupu, ya kijana wetu wa hapa anayeishi jimbo la Washington huko Marekani, kasimama mtoni maji yamefika kiunoni, theluji inamdondokea kofiani, kahangaika na samaki mkubwa mpaka kampata halafu akamwachia aende zake. Watu wamenitumia maswali ya kila aina, nimechagua haya.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Chumbageni, bei ya samaki sokoni naijua vizuri kwa hiyo ile klipu imeniuma. Mtu anateseka kwenye baridi kutwa nzima, Mungu anampa riziki, anaitupa. Si kufuru hiyo? Na yule samaki kwani hana roho, kumchoma ndoana kwa mchezo tu? – Mama wa Chumbageni

Marahaba mama. Swali lako zito na nitalijibu kwa urefu.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Anaitwa stilihedi, ni trauti yule yule wa upinde wa mvua ila huyu hakai mtoni maisha yake yote. Anazaliwa kwenye kokoto za mto, anakaa hapo mwaka mmoja mpaka mitatu hivi, kisha anashuka bahari ya Pasifiki kula na kunenepa, halafu baada ya mwaka au miaka kadhaa anarudi kwenye mto ule ule aliozaliwa ili atage. Samoni wa Pasifiki ambao ni ndugu zake wakishataga wanakufa palepale, lakini stilihedi baadhi yao wanarudi baharini wazima na mwaka mwingine wanaweza kupanda tena kutaga. Shika hilo mama, maana ndio mzizi wa habari yote: ukimuua mmoja anayepanda hujaua kilo nne za kitoweo tu, umeua na wale ambao angewazaa safari hii na pengine safari ijayo.

Halafu ni samaki mgumu kweli kumpata. Akishaingia mtoni hali sana, akili yake iko kwenye kutaga. Wengi wanapanda kipindi cha baridi, kuanzia Novemba mpaka Aprili, maji yana nyuzi joto 3, 4, 5, yaani mguu unakufa ganzi ukiwa ndani ya suruali ya mpira. Mvua ikinyesha mto unageuka rangi ya chai ya maziwa na hakuna cha kuvua hapo, maji yakikauka sana yakawa meupe samaki anakuona wewe kabla hujamuona, siku yenyewe ni ile maji yanaposhuka taratibu baada ya mvua yakabaki na ukijani fulani, na siku hiyo ikikukuta uko kazini basi tena. Watu wanatupa mshipi tangu alfajiri mpaka jua linazama, wiki inakata, bila hata kuguswa. Ndio maana ukamuona kijana anatetemeka mikono.

Sasa kwa nini kamwachia? Kwa sababu sheria inamkataza kumchukua yule. Stilihedi wa upande wa Puget Sound, ndiko iliko Seattle, waliingizwa mwaka 2007 kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kwa sheria ya Marekani. Wamepungua sana, mabwawa, misitu kukatwa, mito kunyooshwa, uvuvi wa kupita kiasi wa miaka ya nyuma, vyote vimechangia. Kwa hiyo wa asili kwenye mito mingi humchukui. Unayemchukua ni yule aliyetotoleshwa kituoni akaachiwa mtoni akiwa kifaranga, na huyo unamjua kwa alama. Kama ulishawahi kumshika ngogogo unalijua lile pezi dogo la nyama lisilo na miiba, liko mgongoni karibu na mkia. Wa kituoni wanakatwa hilo pezi wakiwa wadogo. Rudia klipu mama, kabla ya kufanya chochote kijana anamgeuza kidogo aangalie mgongo, pezi lipo zima, ndio anatia mkono kuchomoa ndoana. Ingekuwa limekatwa angemchukua akampika, na mimi ningemwambia hongera.

Kwenye ile klipu kuna kitu sikukipenda lakini, na nakisema wazi. Zile sekunde alizomnyanyua samaki juu kabisa nje ya maji ili apigwe picha. Jimbo la Washington samaki unayetakiwa kumwachia huruhusiwi kumtoa majini mzima mzima, na sababu yake ni ya kueleweka, katoka kupigana, pumzi imemwishia, wewe unamtoa anakopata pumzi. Kumwachia samaki ni kazi yenye utaratibu wake. Ndoana iwe moja na ule mwiba wake wa ndani uwe umebanwa kwa koleo ili itoke bila kuchana. Usimchoshe kwa mshipi mwembamba nusu saa nzima. Mkono ulowe kwanza maana mkono mkavu unavua ute wa ngozi yake na ule ute ndio kinga yake ya maradhi. Mshike shina la mkia, mkono mwingine chini ya kifua, usiguse mashavu anayopumulia, muelekeze kichwa kule maji yanakotoka mpaka mwenyewe achomoke. Maji yakifika nyuzi 20 funga vifaa urudi nyumbani, kwa joto hilo hata ukimwachia vizuri vipi wengi zaidi wanakufa.

Na ndio, katika wanaoachiwa wapo wanaokufa, hata kwenye baridi. Asilimia chache, lakini wapo. Kwamba anahangaika na kuchoka hilo halina ubishi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kuvua ili ule ni halali na wala mtu asione haya. Kumtafuta wa kula, ukakutana na aliyekatazwa, ukamrudisha kwa adabu, hiyo nayo ni sawa. Lakini kumpata mmoja ukamwachia, wa pili ukamwachia, wa tatu, wa nne, kwa ajili ya raha ya mkono tu, hapo mimi roho inakataa, hata kama sheria ya huko inaruhusu. Mtume (SAW) alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, hukumu kamili ya jambo hili muulize sheikh wako, mimi nasema ninavyoona kama mvuvi: ukishampata mmoja siku hiyo, kaa ukingoni unywe chai yako, mto umeshakupa.

Mjomba mambo vipi, mimi navua kwa mshipi pale Bweni, kuna jamaa wananikera sana. Nimewahi sehemu yangu alfajiri, mtu anakuja saa mbili anasimama mbele yangu kabisa upande maji yanakokwenda anatupa pale pale chambo changu kinapotaka kufika. Nikiongea ananiambia mto si wa baba yako. Sheria inasemaje? – Kijana wa Bweni

Mwanangu mto kweli si wa baba yako, lakini si adabu yote imeandikwa kwenye sheria. Huko kwenye stilihedi hili jambo linaweza kuwagombanisha watu wazima mpaka wakaacha kusalimiana na wamelitafutia utaratibu mzuri, ngoja nikueleze unaweza kuwafundisha wenzio. Anayefika anaingia nyuma ya waliomtangulia, upande wa juu maji yanakotoka. Anatupa, anaacha chambo kizunguke na mkondo mpaka kilale karibu na ukingo, anapiga hatua moja au mbili kushuka, anatupa tena. Wote mnashuka hivyo hivyo mmoja nyuma ya mwingine, wa kwanza akifika mwisho wa kina anatoka anapanda juu anaanza upya. Hakuna anayemiliki jiwe, na hakuna anayelala njaa kwa kuwa kachelewa. Kuingia chini ya mtu, kama alivyofanya huyo jamaa yako, kwao ni ukosefu wa heshima mkubwa kabisa. Na mtu akipata samaki, wa jirani wote wanavuta mishipi yao wampishe.

Pangani watu wengi wanakaa sehemu moja na chambo cha kamba au ngisi, hamtembei, kwa hiyo si yote yatawafaa. Ila kanuni ya aliyetangulia asizibwe inafaa kila mahali. Ongea naye siku ambayo hamvui, si palepale ndoana zikiwa mkononi, ikishindikana peleka kwa wazee wa BMU yenu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi wa eneo lenu, ndio kazi yao. Na wewe pia usiweke mawe matatu ukasema yote yako.

Shikamoo Mjomba. Huku kwetu Korogwe masika mto ukitapika kambale wanapanda kwenye majani usiku kutaga, tunawachukua kwa panga na mkuki wakiwa wamejaa mayai, babu alifanya, baba alifanya. Na vijito tunaziba kwa uzio na migono. Juzi bwana samaki kasema tuache. Wazungu wanavua kwa starehe hawasumbuliwi, sisi wa kula tunasumbuliwa, haki iko wapi? – Mjukuu wa Mvuvi, Korogwe

Marahaba. Kwenye haki nakuunga mkono zaidi ya unavyodhani. Huko huko Washington kabla ya wazungu walikuwepo wenyeji wanaokula samaki wa mto toka enzi na enzi. Mwaka 1854 na 1855 walitia saini mikataba wakaachia ardhi lakini wakabakiza haki ya kuvua sehemu zao za asili. Baadaye wakawa wanakamatwa wakivua kwenye mito yao wenyewe, miaka na miaka, mpaka mwaka 1974 jaji anayeitwa George Boldt akaamua kwamba mikataba ile ina nguvu na kwamba makabila yale yana haki ya nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa, na pia wakae mezani na serikali kusimamia mito. Mpaka leo wanavua kwa nyavu, wanakula, wanauza. Wapo wavuvi wa starehe wanaowanyooshea kidole ati mimi namwachia samaki wewe unaua, na mimi huo ubora wao siuoni. Anayekula samaki wake hana sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya anayemchezea.

Lakini hebu angalia na upande wa pili, maana haki waliyopewa ilikuja na mzigo, wale wenyeji wao wenyewe wanahesabu samaki, wanafunga msimu, wanapanda miti ukingoni. Na kitu ambacho kule mvuvi wa aina yoyote anajua ni aibu ni kumgusa samaki akiwa kwenye kiota. Jike la stilihedi linalala ubavu, linapiga mkia mpaka linachimba shimo kwenye kokoto, linataga humo, dume linamwagia, kisha jike linafunika. Ukipita mtoni unaliona, kokoto zake zimeoshwa zinang'aa kuliko za pembeni. Mtu mwenye adabu anazunguka mbali, hakanyagi, maana buti moja linaponda mayai mengi, na samaki aliyeko pale havuliwi hata kama ana pezi lililokatwa.

Kambale wako anafanya jambo lile lile kwenye majani. Usiku ule mmoja wa mafuriko ndio mwaka wake mzima. Ana mayai maelfu kwa maelfu tumboni, unamkata panga saa moja kabla hajayaacha. Babu yako alifanya, sikatai, lakini alikuwa na mkuki na taa ya kandili na majirani wachache, leo kuna tochi za betri, bodaboda na mnunuzi anayesubiri barabarani na barafu. Kitendo ni kile kile, kinachotoka mtoni si kile kile. Subirini, wakishataga maji yakaanza kurudi, wavueni wakirudi na maji. Mtapata kambale wengi tu, hawana mayai lakini nyama ni ile ile na mchuzi wa nazi hautajua tofauti. Na uzio usizibe kijito chote ng'ambo mpaka ng'ambo, acheni mlango wa maji ambao samaki anaweza kupita, kijito kilichozibwa chote mwaka wa tatu unajikuta unavua majani.

Mjomba huku juu ya mto Zigi vijana wanatumia utupa, ule mmea wa sumu ya samaki, na wengine dawa za shambani, samaki wanaelea wote wanaokota. Wanasema maji yanatembea sumu inaondoka. Ni kweli? – Mwalimu, Amani

Si kweli. Mwalimu waambie hivi, Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza sumu na baruti, kwa hiyo ni kosa la kwenda mahakamani. Waambie pia kwamba maji yanatembea kwelikweli, yanatembea mpaka bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiko jiji la Tanga linakopata maji ya bomba. Dawa ya shambani iliyomwagwa huko juu ina njia ya kufika kwenye ndoo ya mtu wa Ngamiani. Utupa nao hauchagui kwenye kidimbwi, unaua kifaranga na mdudu anayeliwa na kifaranga, kwa hiyo mnaookota leo hamna cha kurudi kukivua. Hapa sina neno la kubembeleza, anayefanya hivi aripotiwe, hata awe mpwa wangu.

Salaam Mjomba. Mzee wetu anasema zamani mikunga wa mtoni walikuwa wengi na wakubwa, siku hizi nadra. Analaumu mabwawa ya umeme. Na nimesoma Marekani wanabomoa mabwawa kwa ajili ya samaki, ni kweli au porojo? – Msomaji, Hale

Ni kweli mwanangu. Mto Elwha huko Washington ulikuwa na mabwawa mawili, walianza kuyabomoa mwaka 2011 wakamaliza 2014, na stilihedi wakarudi kupanda sehemu ambazo hawakuzifikia kwa karibu miaka 100. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba trauti waliokuwa wamefungiwa juu ya bwawa vizazi vyote hivyo baadhi ya watoto wao walishuka baharini wakawa stilihedi tena, yaani ile safari walikuwa wanayo ndani yao muda wote. Mto Klamath, California na Oregon, mabwawa manne yameondolewa, kazi ikaisha 2024.

Mkunga wetu safari yake ni kinyume cha stilihedi. Anazaliwa mbali kwenye Bahari ya Hindi, anakuja na mikondo akiwa mdogo mwembamba unaona mpaka upande wa pili wa mwili wake, anaingia mlango wa mto, anapanda, anaishi huko miaka mingi akikua, siku yake ikifika anashuka baharini kutaga mara moja tu na ndio mwisho wake. Kwa hiyo ukuta unamdhuru mara mbili, akipanda mdogo unamzuia, akishuka mkubwa kuna mitambo. Kwenye Pangani kuna bwawa la Nyumba ya Mungu huko juu, kuna Hale tangu 1964, kuna New Pangani Falls tangu 1995. Mzee wako hajakosea kuyataja, ingawa nyavu za macho madogo kwenye mlango wa mto na maji kupungua kwa kilimo cha umwagiliaji navyo vimo.

Mimi sisemi tubomoe Hale, umeme tunautaka na barua hizi nazisoma kwa taa. Ninachosema ni kwamba zipo njia za kumsaidia, ngazi yenye brashi au mawe ya kukwaruza yaliyolowa maji ambayo mkunga mdogo anaipanda kwa tumbo, na kuacha maji ya kutosha yapite usiku wa mvua mikunga wakubwa wanaposhuka. Wanaosimamia bonde la Pangani waulizwe hilo kwenye mikutano, na wewe wa Hale ndio wa kuuliza. Na ukimpata mkunga mkubwa mnene, macho yamekuwa makubwa, tumbo jeupe la kung'aa, anashuka, ujue huyo anakwenda kutaga. Mwachie. Huyo nakuomba kabisa.

Mjomba hivi hao stilihedi au hao trauti hatuwezi kuwaleta Usambara tukawapandikiza mitoni? Kenya si wanao? Watalii wangekuja. – Mjasiriamali, Muheza

Kenya wanao kweli, trauti waliletwa na wakoloni mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakawekwa kwenye mito ya baridi ya Mlima Kenya na Aberdare, na Kilimanjaro pia waliwekwa. Kwenye mto wa pwani hatoboi, maji ya Muheza ni moto kwake. Huko juu kwenye vijito vya baridi pengine angeishi, na hapo ndipo ninapoogopa, maana trauti anakula, na vijito vya Usambara vina samaki wadogo, na vyura ambao hawako kwingine popote duniani.

Na si lazima samaki awe mla wenzake ndio alete hasara. Wamarekani wenyewe wamelipata hilo kwa stilihedi wa kituoni. Utafiti wa mto Hood, Oregon, uliotoka 2007, ulionyesha kwamba kila kizazi kinacholelewa kituoni uwezo wake wa kuzaa mtoni unashuka kwa kama asilimia 40, na wakichanganyika na wa asili wanaupeleka udhaifu huo kwenye damu ya mto mzima. Sisi tunalo letu tayari. Bonde la Pangani lina perege wake, mmoja hata kisayansi anaitwa kwa jina la Korogwe tangu 1955, na yule sato wa kuletwa tuliyemwaga kwenye mabwawa ametoroka anazaana nao mpaka wakati mwingine ukimshika huwezi kusema ni nani.

Kwa hiyo kama ni biashara, chimba bwawa mbali na mto, mahali ambapo mafuriko ya masika hayafiki, weka wavu kwenye bomba la kutolea maji, na kabla ya kununua vifaranga nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya umwambie unataka perege wa asili ya mito yetu, akuelekeze wanakopatikana. Watalii wa kuvua wapo wanaokuja Pangani, wapeleke na mtumbwi kwa mvuvi anayejua mamba wanakaa wapi.